Nyumba 20 za kipato cha kati Dar: uuze kwa nyumba ya mfano, kwa mitandao, au kupitia SACCOS na waajiri?

Swali hili naulizwa sana na watu wanaojenga nyumba chache chache, kumi, ishirini hivi, huko Kigamboni, Bunju, Chanika, Kibaha, vyumba viwili au vitatu, bei inacheza kwenye milioni 60 mpaka 90, na wote wamekwama palepale: hela ya matangazo haitoshi kufanya kila kitu, sasa iende wapi. Nimekaa kwenye kuuza nyumba za aina hii miaka kadhaa, njia zote tatu nimezishika kwa mikono yangu, kila moja nimeiona ikiuza na kila moja nimeiona ikila hela bure. Kwa hiyo nazimwaga zote mezani kwa vigezo vilevile, wewe uangalie inayokaa na hali yako.

Ila kabla ya njia tuelewane kwanza kuhusu mteja mwenyewe. Mwalimu wa sekondari, nesi, mhasibu, mwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, hawa wengi wao hawakulinganishi na mradi wa jirani yako hata kidogo, wanakulinganisha na kiwanja chao. Mtu ana kiwanja chake Chanika au anakilipia taratibu, na mpango uko kichwani tayari: mwaka huu tofali, mwakani msingi, mwaka wa tatu boma, bati likipatikana anahamia hivyohivyo, rangi atapaka akiwa ndani. Mshindani wako ndo huyo fundi wa mtaani na zile tofali zilizopangwa kiwanjani. Ukimwambia "nyumba nzuri ya kisasa" haimgusi, kwa sababu na yeye kichwani ana nyumba nzuri ya kisasa, tena kubwa kuliko ya kwako. Kinachomgusa ni kodi anayoendelea kulipa miaka yote ambayo boma limesimama, saruji iliyopotea saiti akiwa kazini, na ule mgogoro wa mpaka kwenye kiwanja alichonunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa bila kupimwa. Tangazo lako lisipoongea na hayo, njia yoyote utakayochagua itapwaya.

Na hilo neno "nyumba za bei nafuu", mimi nakushauri ulitumie kwa uangalifu sana. Serikali na mabenki wanalitumia na ni sawa kwao, ila mtu aliyejibana miaka kumi akapata hela ya nyumba hataki jirani wajue anaishi "kwenye zile za bei nafuu". Taja bei yenyewe, taja rejesho la mwezi, unafuu ataupima mwenyewe. Jina la mradi nalo ni hivyohivyo. Angalia Watumishi Housing, ile kampuni ya serikali ya kujenga nyumba, jina tu linakuambia zile nyumba ziliwalenga kina nani, huhitaji hata kusoma brosha. Sasa mtu ana nyumba 12 nyuma ya shule ya msingi, barabara ya vumbi, anaziita "City". Mteja anakuja akitegemea mji, anakuta nyumba 12, safari imeisha hapohapo hata kama nyumba zenyewe ni nzuri kweli.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: hela inayotoka mfukoni kwako kabla ya mauzo, aina ya mteja anayekuja, imani inayojengeka, muda mpaka hela iingie, na pale njia inapoumiza.

Njia ya kwanza: nyumba ya mfano na kuwaleta watu saiti

Yaani unamaliza nyumba moja kabisa, mpaka rangi, mpaka koki za jikoni zinatoa maji, unaweka fenicha kidogo, kila Jumamosi na Jumapili unaleta watu waone.

Hela inayotoka ni kubwa, hakuna namna. Nyumba nzima imekaa haijauzwa, kuna fenicha, mlinzi, mtu wa kukaa pale kupokea wageni, gari la kuwatoa watu kituoni, maji na soda. Ila sehemu kubwa ya hela hii inarudi, maana ile nyumba mwisho wa siku na yenyewe unaiuza. Watu wengi wanasahau hii hesabu wanaiona njia ni ghali kuliko ilivyo.

Mteja anayekuja ni yule aliyekwisha amua kwamba ananunua, anatafuta wapi tu. Na anakuja na mwenzake, hilo ndo kubwa. Nyumba za bei hii karibu zote zinaamuliwa na watu wawili, na kama kuna mkopo wa benki na nyumba ndo rehani, sheria yetu ya ardhi inataka ridhaa ya mwenza, kwa hiyo usimbembeleze mume peke yake halafu mke aje kuona dakika ya mwisho. Nimeona mauzo mengi yakifia jikoni. Mama anaingia, anaangalia mtungi wa gesi unakaa wapi, stoo ipo au haipo, nguo zitaanikwa wapi, simtanki la lita ngapi, akitoka pale ameshaamua na baba yuko nje bado anauliza nondo za msingi. Sasa kama nyumba yako ya mfano ina makochi mazuri lakini hamna pa kuanika nguo, wewe umepamba sehemu ambayo haiamui.

Imani: hapa hakuna njia inayoifikia. Dar watu wameshaona michoro mizuri ikiishia kwenye nguzo. Mfano unaojulikana na kila mtu ni ule mradi wa Dege kule Kigamboni, wa NSSF na mbia wake, zaidi ya nyumba 7,000 zilizopangwa, ujenzi ukasimama 2016, majengo yakabaki vile kwa miaka. Mtu aliyepita pale akaona, ukimwonyesha picha ya kompyuta anakumbuka pale. Ukimwonyesha choo kinachoflashi anaamini. Na ukiweza walete watu kipindi cha masika, mvua ikiwa imenyesha usiku, waone barabara inapitika na uwanja haujasimama maji, hiyo siku moja ni zaidi ya brosha elfu.

Muda: katikati. Kutoka kuona mpaka kulipa kuna wiki kadhaa, ila wanaofika wengi wako serious.

Panapoumiza ni umbali. Kama saiti yako ni Mkuranga ndani au Kibaha ndani kabisa na mtu anaishi Tabata, Jumamosi nzima inaishia njiani na foleni, wengi wataahidi na hawatatokea. Tena usidanganye kuhusu dakika. Kigamboni tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe 2016 kumesogea kweli, ila "dakika 15 kutoka Posta" ni ya saa tisa usiku, mteja atapita asubuhi na atalipa na tozo, mwambie muda wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndo umwambie na bei.

Njia ya pili: mitandao

Instagram, Facebook, TikTok, vidio fupi, kuboosti posti, status za WhatsApp na makundi.

Hela inayotoka ni ndogo kuanza, simu nzuri, kijana anayejua kushika kamera, na hela ya kuboosti unayoweza kuipandisha na kuishusha. Gharama iliyojificha ni mtu wa kujibu. Meseji moja isiyojibiwa kwa siku mbili ni mteja ameenda, na watu wanaandika saa tano usiku watoto wakishalala. Kama huna mtu wa kujibu kwa adabu na kwa maelezo kamili, hela ya kuboosti unaitupa.

Mteja anayekuja ni mchanganyiko mkubwa sana. Kuna anayetamani tu, kuna dalali anayetaka aichukue picha yako aiposti kwake aongeze milioni tano juu, kuna mwanafunzi, na humo humo katikati kuna Mtanzania yuko Muscat au Minnesota amekaa anatafuta nyumba ya mama yake na hela anayo. Huyu wa mwisho kwa njia ya kwanza usingempata, na kwa SACCOS ndo kabisa. Ila muulize mapema anatumia pasipoti ya nchi gani, kwa upole tu, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtofautisha raia na asiye raia kwenye umiliki, kama alishachukua uraia wa kwingine mpeleke kwa mwanasheria kabla hajatuma hata shilingi. Ukimficha hilo ili upate malipo ya awali utakuja kurudisha hela na jina lako likiwa limeharibika mpaka huko aliko.

Imani: inaanza chini kabisa, tena chini ya sifuri, maana kila mtu ana ndugu aliyetapeliwa kiwanja mtandaoni. Inajengeka kwa kuonyesha vitu ambavyo tapeli hana. Vidio ya ujenzi kila wiki tarehe ikionekana, fundi anaongea, namba ya kiwanja na block ili mtu akahakikishe mwenyewe ofisi ya ardhi nani anakimiliki, ofisi ilipo, akaunti ya benki ya kampuni na sio namba ya simu ya mtu.

Na hapa naomba niseme kwa nguvu: acheni "bei njoo inboksi". Naelewa sababu, mnataka mtu aanzishe mazungumzo. Ila mtu wa kipato cha kati anaishi kwa bajeti, asipoona bei anadhani au ni ghali sana au kuna mchezo, anapita. Weka bei, weka malipo ya awali, weka makadirio ya rejesho. Meseji zitapungua sana na utaogopa, usiogope, zilizobaki ndo wateja.

Muda: haraka kupata watu, taratibu kupata hela. Mia wanaandika, wanaokanyaga saiti unawahesabu kwa vidole, na bado hao nao wanataka kuona nyumba kwa macho kabla ya kulipa, kwa hiyo mitandao peke yake mara nyingi inaishia mlangoni mwa njia ya kwanza. Wa nje ya nchi atatuma ndugu, na huyo ndugu ndo anaamua, mpokee kama mnunuzi.

Panapoumiza: kwanza maneno. Ukiandika "hati ipo" na kumbe ina mchakato, au "maji ya DAWASA" na bomba halijafika, hiyo sio tu aibu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na picha ya skrini mtu anayo miaka yote. Pili ni zile orodha za namba za simu zinazouzwa, mtu anakuletea namba elfu kumi utume meseji. Achana nazo, tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na hata kama isingekuwepo, mtu hawezi kuamini nyumba ya milioni 70 iliyomjia kama meseji ya bahati nasibu.

Njia ya tatu: SACCOS, waajiri na vyama vya kazini

Unaenda kwa watu waliokwisha kujikusanya. SACCOS ya hospitali, ya chuo, ya halmashauri, ya kiwanda, au idara ya utumishi ya taasisi, unaomba nusu saa kwenye mkutano wao.

Hela inayotoka ni kidogo, nauli, projekta, karatasi za hesabu, chai pengine. Unachotoa kwa wingi ni muda, barua, kufuatilia barua, kuambiwa mwenyekiti kasafiri, kusubiri mkutano mkuu. Na wengi wataomba punguzo la kundi, kwa hiyo lipange mapema kwenye bei yako usije ukakatwa katikati ya mkutano.

Mteja anayekuja ana mshahara unaoonekana kwenye karatasi, na hii ni nzuri kwa sababu benki inampenda. Ila lazima ujue hesabu yake kuliko anavyoijua yeye. Chukulia nyumba ya milioni 70, ana milioni 10 mkononi, anakopa 60 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15. Rejesho ni kama shilingi 840,000 kila mwezi. Sasa mtumishi makato yake hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, theluthi moja ibaki, kwa hiyo hata kama hana mkopo mwingine wowote anahitaji mshahara wa msingi usiopungua 1,260,000, na ukiongeza makato ya lazima ni zaidi ya hapo. Na nani hana mkopo mwingine? Wengi wana wa ada, wa pikipiki, wa kiwanja kilekile tulichoongea mwanzo. Kwa hiyo ukumbi wa watu 200 unaopiga makofi unaweza ukawa na wanunuzi wanane. Uende ukijua hivyo, na uende na nyumba ndogo kwenye orodha yako pia, chumba kimoja na sebule ambayo mtu anaweza kuiongezea vyumba baadaye, sio vyumba vitatu tu.

Hapo hapo niweke hesabu ya pili ambayo wauzaji wengi hawaifanyi. Unasema "tunakubali kulipa kidogo kidogo, miezi 24, bila benki". Nyumba ileile ya milioni 70, akianza na 20, hamsini zilizobaki kwa miezi 24 ni karibu milioni 2.1 kwa mwezi. Nesi haiwezi hiyo. Anayeiweza ni mfanyabiashara au mtu wa nje ya nchi, kwa hiyo ofa ya miezi 24 ni ya mitandaoni, ukiipeleka kwenye SACCOS ya walimu unawavunja moyo tu.

Imani: unaazima ya kwao. Mwenyekiti akisema "huyu tumemkagua" umeshavuka mlima. Lakini imani ya kuazima inarudi na riba, mwanachama mmoja akipata nyufa ukutani na wewe hupokei simu, wanachama wote watajua wiki hiyohiyo. Wao pia watakukagua kwelikweli, wataleta mwanasheria, watataka kuona hati. Kama ni apatimenti watauliza kila mmoja atapata hati yake vipi, na jibu lipo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu hati ya kila yuniti, ila uwe umeshaanza mchakato sio unaanza kujibu ndo unatafuta.

Muda ni mrefu, miezi, ila ikifunguka inafunguka kwa mafungu, watu watano sita pamoja.

Panapoumiza ni kumtegemea mtu mmoja. Tulishawahi kukaa miezi minne na uongozi wa chama kimoja, tumeelewana kila kitu, uchaguzi ukaja viongozi wakabadilika, tukaanza upya kama hatujawahi kuonana. Toka hapo mimi naandika kila makubaliano na naongea na wanachama wenyewe, sio kamati tu.

Na madalali, na maonyesho?

Kwa kifupi. Madalali wanaujua mtaa kuliko wewe na wanafaa kwa nyumba moja moja zilizobaki mwishoni, wengi wanataja asilimia 5 na inaongeleka. Shida ni bei, nyumba ileile ikitajwa milioni 68 na huyu, 75 na yule, mteja akigundua anaondoka kwa wote wawili. Chukua wachache, waandikie bei moja. Maonyesho kama Sabasaba pale Barabara ya Kilwa yanafaa kama una nyumba nyingi na una mtu wa kufuatilia namba mtakazokusanya, kama una nyumba 20 hela ya banda mimi ningeipeleka kwenye barabara ya kuingilia saiti.

Sasa wewe uko wapi

Kama nyumba zako zimeisha au angalau moja imeisha, hati iko mkononi, na saiti inafikika kwa daladala bila mateso, nyumba ya mfano ndo ianze, na mitandao itumike kuwaleta watu Jumamosi tu, usihangaike kuuza kwenye simu.

Kama uko kwenye msingi bado na unataka malipo ya awali yasaidie kujenga, mtandaoni utapata maswali mengi na hela kidogo. Bora uende kwa SACCOS moja au mbili zinazokujua, hela zao zikae kwenye akaunti ambayo hela inatolewa kidogo kidogo kila hatua ya ujenzi ikikamilika, na uposti maendeleo kila wiki kwa ajili ya baadaye. Usichukue hela ya mtu kwa kiwanja ambacho bado kina ndugu wanaogombana. Hapo subiri.

Kama nyumba zako ziko zaidi ya milioni 85, mshahara wa walio wengi kwenye ukumbi hautazifikia hata wakizipenda, tafuta wafanyabiashara na walio nje kupitia mitandao na uwape ile miezi 24. Kama ziko kwenye 40 mpaka 55, geuza, nenda makazini, huko ndo utamaliza haraka kuliko unavyodhani.

Kama uko Dodoma na sio Dar, watumishi wamejaa na wengi hawana kiwanja cha zamani cha kukushindana nacho, njia ya waajiri ina nguvu zaidi kuliko huku, ila ujue NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, wako Iyumbu na Watumishi Housing wako Njedengwa, kwa hiyo mteja atakuwa ameshaona nyumba zao na ataanza kukuuliza kwa nini wewe. Uwe na jibu la umbali, ukubwa wa kiwanja au rejesho, moja tu kati ya hayo, lakini la kweli.

Na kama una hela ya njia moja tu na kweli hujui uanze wapi, kabla hujatoa hata shilingi chukua watu kumi wanaolipa kodi unaowajua, wa mshahara unaoulenga, wapeleke saiti Jumapili moja, kaa nao chini, uliza kila mmoja kiwanja chake kiko wapi na kimefikia wapi. Wakishamaliza kukujibu utakuwa unajua uanze na mlango upi.